Dokta Kalala Ukweni

Siku hiyo Kiberiti aliamua mambo yaishe. Yaishe kabisa, kwa heri au kwa shari, maana alikuwa amechoka kulala jicho moja wazi kama mlinzi wa ghala.

Jina la Kiberiti hakupewa na mzazi. Alipewa na mafundi wenzake kwa sababu alikuwa hakai. Kumwambia mtu yule asubiri ilikuwa sawa na kumtukana. Chai aliinywa ikiwa bado inatoka moshi, ikamuunguza ulimi, kesho yake tena. Shule aliikimbia kabla haijamaliza kumfundisha. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mafriji, na hata friji alilipiga ngumi kwanza, kisha ndiyo akaliuliza lina shida gani.

Sasa mtu kama huyo kapenda. Na kampenda nani? Daktari. Daktari wa wodi ya wazazi kwenye hospitali kubwa, mwanamke ambaye hospitali ilimla mzima mzima, Kiberiti akabakiziwa makombo: simu ya dakika mbili, busu la getini, na "nitakupigia" ambayo haipigwi.

Walikutanishwa na friji. Friji la dawa la wodi lilikuwa limegoma, dawa zikahamishwa, yeye akaitwa. Alipofika akamkuta mtu amekaa sakafuni, mgongo kauegemeza kwenye mlango wa friji, koti jeupe limemkunjamana, kalamu iko mkononi, kalala fofofo. Sista akataka kumwamsha. Kiberiti, mpaka leo hajui alipatwa na nini, akasema, "Muache kwanza." Akakaa chini upande wa pili na spana zake, akasubiri. Yeye! Akasubiri, akimtazama kope zile zinavyotetemeka kidogo, na kovu dogo la kidevuni, na mdomo uliokuwa wazi kama wa mtoto.

Dokta alipofumbua macho, neno la kwanza lilikuwa, "Nani amekufa?"

"Friji," Kiberiti akajibu.

Dokta akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kile kikaingia ndani ya kifua cha Kiberiti kikafunga mlango kwa ndani.

Ndiyo hivyo. Sasa kuna hospitali moja ya ng'ambo inamtaka Dokta. Imemwandikia, imemhoji kwenye simu ya picha, imemkubali. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kujibu ndiyo au hapana. Baba yake Dokta yeye alishajibu zamani. Kiberiti alimsikia kwa masikio yake siku moja, simu ikiwa kwenye sauti ya juu: "Sikukusomesha uje uolewe na spana. Nenda kafanye kazi na watu wanaolala usiku!"

Kiberiti hakuwa amemwambia Dokta abaki. Kiburi kilimkaba. Angeanzaje? Mtu anaitwa kule kwenye neema, wewe fundi friji unamwambia abaki kwa sababu gani, una nini? Kwa hiyo akatunga ujanja. Dokta alifiwa na mama yake angali mdogo, na Kiberiti alishaona jinsi neno "mwanangu" linavyomlegeza, hata likisemwa na muuza mboga. Basi atampeleka kwa mama. Mama atamwita mwanangu. Dokta atayeyuka. Safari itakufa yenyewe bila yeye kufungua mdomo.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Mama yake alikuwa hawapendi madaktari.

*

Alimfuata hospitalini Jumapili mchana. Walipatana Dokta atoke mapema, yeye amngoje getini juu ya pikipiki, waondoke. Kiberiti akasubiri, akashuka, akapanda, akaipiga teke tairi, akagombana na mlinzi bila sababu. Dokta alipotokea alikuwa anatembea kama mtu anayekanyaga maji.

"Umechelewa."

"Najua."

"Mama ameshapika, dada ameshakasirika."

"Najua, Fundi. Twende."

Yeye hakumwita Kiberiti. Alimwita Fundi, na alivyolitamka, mtu angedhani ni cheo cha serikali. Akapanda nyuma, akamkumbatia kiunoni, akaweka shavu mgongoni pake. Kiberiti akasahau ugomvi wote, hata na mlinzi.

Nyumbani, mama alikuwa amevaa gauni la kutokea na mtandio wa zambarau, ule wa siku za maana. Alikaa kwenye kochi wima kama hakimu. Dada mkubwa alisimama mlangoni kwa jikoni na mwiko, akimpima mgeni toka kichwani. Alipofika miguuni akaishia hapo.

"Shikamoo mama," Dokta alisema, akapiga goti kidogo.

"Marahaba."

Tu. Hakuongeza hata "karibu".

"Karibu wifi," dada akasema badala yake. "Karibu na viatu vyako. Ngoja nisome, vina maandishi. Thi-e-ta. Usi-to-ke na-vyo." Akacheka kwa pua. "Na umetoka navyo!"

Dokta akainama kuangalia miguu yake, kama miguu ya jirani. Alikuwa amevaa viatu vya plastiki vya chumba cha upasuaji, vimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

"Mungu wangu. Viatu vyangu viko... Sijui hata viko wapi."

"Si kitu. Mdogo wangu huyu naye ana spana za watu kibao hajarudisha. Mtafaana."

"Dada," Kiberiti akasema.

"Nini? Nimemkaribisha wifi yangu. Au ulitaka nimwimbie?"

Wakakaa mezani. Chakula kilikuwa kizuri, mama alikipika kwa hasira na hasira yake hainaga mkono mbaya. Dokta alikula vijiko viwili, akasema kitamu, akakunywa maji. Mguu wa Kiberiti ulikuwa unachezacheza chini ya meza mpaka glasi zikawa zinagongana.

"Tuliza mguu," mama akasema bila kumtazama. Kisha kwa Dokta: "Nasikia unasafiri."

"Bado sijaamua, mama."

"Ukiamua kwenda, huyu anabaki na nani?"

Dokta akamtazama Kiberiti. Mtazamo ule ulikuwa na maneno mengi ndani yake, na Kiberiti, mwoga yule, akainamia sahani.

"Hajaniambia anataka nini," Dokta akasema polepole.

"Hajakwambia." Mama akaguna. "Mtu anayepigana na taa za barabarani, leo hana la kusema. Haya. Mimi nina kisa changu na madaktari, nitakieleza."

"Mama, leo?"

"Leo. Anayetaka kuingia nyumba hii akijue."

Kiberiti alikijua kile kisa kama njia ya kwenda dukani. Moyo ukamshuka mpaka kwenye soksi.

"Baba yao alishikwa na tumbo," mama akaanza. "Tukamkimbiza pale pale kwenu. Wakasema daktari anakuja. Nikasimama mlangoni. Nikasimama mpaka miguu ikavimba. Kila mwenye koti jeupe akipita namwuliza, ni wewe? Siye. Mtu wangu anaita jina langu, halafu akaacha kuita. Ndipo akatokea. Anayumba. Macho mekundu, ulimi mzito, anaongea kama ana kitu mdomoni. Daktari gani huyo anakuja kazini amelewa? Nilimwambia mbele ya watu wote, wewe mlevi, umeniulia mume wangu kwa pombe zako..."

"Mama," dada akasema.

"Nisikatizwe."

"Mama, muangalie."

Dokta alikuwa amelala.

Kalala na kijiko mkononi. Shavu lilikuwa juu ya ngumi, ngumi ikaanza kulegea, kichwa kikashuka taratibu, taratibu, mpaka paji la uso likatua juu ya kitambaa cha meza kando ya sahani, kama limewekwa na mtu.

"Makubwa!" dada akanong'ona. "Marehemu baba anahadithiwa, yeye anakoroma!"

Kiberiti akasimama, kiti kikaanguka. Mama alikuwa ameshafika. Uso wake ulikuwa umekaza kama ngoma. Akamshika Dokta begani, akamtikisa.

"We binti!"

Dokta akaruka juu kama aliyemwagiwa maji. Akasimama wima, mikono kaikutanisha mbele, akamtazama mama machoni, na kwa sauti laini kabisa, sauti ambayo Kiberiti hakuwahi kuisikia kwake, akasema:

"Pole sana, mama. Tulijitahidi kadiri ya uwezo wetu. Umekuja na nani? Kuna ndugu hapa karibu?"

Hata bomba la jikoni, lililokuwa linadondosha tone tone tangu asubuhi, Kiberiti alidhani limeacha.

Dokta akaanza kuona alipo. Meza. Sahani. Picha ya mzee ukutani. Mama mkwe. Akaweka mkono mdomoni.

"Samahani. Mama, samahani. Nilidhani niko... Ukiniamsha hivyo mimi huwa..." Machozi yakaanza kushuka yenyewe bila kwikwi, kama bomba lile. "Ni maneno yale yale kila siku, mama. Yanatoka yenyewe."

Mama akamsogelea. Alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. Akayatazama macho. Yalikuwa mekundu, mekundu kweli, mishipa imechora ramani. Kisha mama akafanya jambo ambalo Kiberiti alitamani sakafu ipasuke aingie: akasogeza pua yake mpaka mdomoni kwa Dokta, akanusa.

"Mama! Unafanya nini!"

"Nyamaza." Akanusa tena. "Umekunywa nini?"

"Chai, mama. Chai ya rangi, ya wodini."

"Umelala lini kitandani?"

Dokta akafikiri. Alifikiri kwa bidii, kama swali la mtihani. "Leo ni siku gani?"

Mama akamwachia kidevu. Akavuta kiti, akakaa, mikono mapajani. Alionekana mdogo ghafla.

"Hakunuka," akasema.

"Nani hakunuka?" dada akauliza.

"Yule wa baba yenu. Alinisogelea hivi hivi, uso kwa uso, akaniambia pole. Hakunuka kitu." Akavuta pumzi ndefu. "Nanyi nimewalea kwa hicho kisa."

Mama akasimama. Akavua mtandio wa zambarau, akamshika Dokta mkono, akampeleka kwenye kochi, akamsukuma alale, akamfunika.

"Lala, mwanangu."

Neno lile. Neno lenyewe. Kiberiti alilisubiri wiki nzima, na sasa limesemwa, wala halikumpa raha yoyote. Na Dokta hata hakulisikia. Alishalala tena.

*

Mama alimvuta Kiberiti uani kwa sikio, kama zamani.

"Ulimleta hapa nimzuie."

"Mama, mimi..."

"Usinidanganye, mimi ndiye niliyekuzaa. Ulitaka nimwite mwanangu ashindwe kuondoka. Sasa nimemwita. Nimzuie afanyweje? Abaki aendelee kuanguka kwenye sahani za watu?"

"Abaki na mimi!" Kiberiti akapaza sauti, akajisikia, akaishusha. "Abaki na mimi, mama. Akienda harudi. Nani anarudi? Wenzake wanaondoka kila mwezi, hakuna aliyerudi hata kuchukua sufuria."

"Basi mwambie."

"Nimwambieje?"

"Si una mdomo? Mwambie mwenyewe, na umtazame usoni ukimwambia. Kazi yako usinitume mimi."

Kiberiti akazunguka uani. Akaokota kijiwe, akakitupa ukutani, akakiokota tena. Alitaka kupiga kitu. Hapakuwa na friji karibu.

Ndipo simu ikalia. Ilikuwa kwenye mkoba wa Dokta, sebuleni, mezani. Kiberiti alifika kwa hatua mbili, akaipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Dokta?" Sauti ya sista, mbio mbio.

"Amelala."

"Wewe nani?"

"Mtu wake."

"Mtu wake, mwamshe. Tuna mama hapa mtoto amekaa vibaya, lazima apasuliwe. Daktari wa zamu hajatokea. Tunapiga simu haipatikani, sasa hivi tumeambiwa yuko uwanja wa ndege."

"Anampokea mgeni?"

"Anaondoka, kaka! Anaondoka! Hakutuaga hata sisi. Mwamshe huyo."

Kiberiti akamtazama Dokta. Mtandio ulikuwa unapanda na kushuka. Kiatu kimoja cha plastiki kilikuwa kimemvuka. Kidole gumba kilikuwa kimekata simu kabla kichwa hakijatoa ruhusa.

Ikalia tena. Na hapa ndipo Kiberiti alipojifunza kitu kuhusu mwanamke anayempenda. Kisa cha mume aliyekufa hakikumwamsha. Kiti kilichoanguka hakikumwamsha. Mlio ule ulipoanza tu, miguu ilikuwa chini na kiatu kimeshavaliwa, macho bado yamefumba.

"Nani?"

"Wamekosea namba."

Dokta akafumbua macho. "Fundi."

Kiberiti akamtazama dada, dada akatazama dari.

"Wodini," akasema. "Kuna mtu wa kupasuliwa. Mwenzako wa zamu karuka na ndege."

"Na ulikata?"

"Nilitaka ulale!"

"Ulikata simu ya wodi ya wazazi?" Sauti ya Dokta ilipanda mpaka ikapasuka. "Kuna mume wa mtu amesimama mlangoni pale sasa hivi. Anamwuliza kila mwenye koti jeupe, ni wewe? Ni wewe? Kama mama yako. Na wewe umekata simu!"

"Kumbe kisa ulikisikia," dada akasema.

"Nilikisikia mpaka aliposema macho mekundu." Akaanza kukusanya vitu vyake, akavikosa, akavikusanya tena. "Nipeleke."

"Sikupeleki. Utampasua mtu ukiwa umelala?"

"Mikono inajua."

"Mikono inajua! Unajisikia unavyoongea?"

Dokta akasimama katikati ya sebule na mkoba kifuani. Hasira ikamtoka ghafla kama upepo kwenye tairi, akabaki mtu mdogo, mwenye kovu la kidevuni, aliyechoka.

"Unadhani sijui? Mikono inajua bila mimi, ndiyo kitu kinachoniogopesha. Juzi nilijikuta nimesimama na sindano kwenye kitanda ambacho siyo. Nimeshamshika mgonjwa mkono. Akaniuliza, Dokta, na mimi nachomwa? Asingeuliza..." Akaubana mkoba. "Wewe na baba yangu mnadhani nafuata hela huko. Baba anafurahi, wewe umenuna, na mimi nimewaacha mdhani hivyo. Sifuati hela, Fundi. Naikimbia siku nitakayoua mtu na nisijue."

Kiberiti akakiinua kile kiti kilichoanguka.

"Leo nitakwenda," Dokta akasema, "kwa sababu leo hakuna mwingine. Nikifika nitamwambia sista asimame karibu yangu, na kila ninachokishika nikiseme kwa sauti kabla sijakitumia. Ndivyo tunavyofanya tukiwa hivi. Nipeleke au nitembee."

"Atasinzia kwenye pikipiki aanguke," dada akasema. Safari hii hakuwa anatania.

Mama alikuwa ameshauchukua mtandio kwenye kochi. "Tokeni nje," akasema.

Pale barazani, Kiberiti akiwa ameshapanda na Dokta nyuma yake, mama akauzungusha mtandio wa zambarau, akaupitisha mgongoni kwa Dokta, chini ya makwapa, akauleta mbele ya kifua cha mwanawe, akavuta kwa nguvu, akafunga fundo. Akalifunga mara ya pili.

"Wewe nilikubeba mgongoni mpaka ukaota meno," akamwambia. "Leo na wewe beba. Na uendeshe kama una mayai."

*

Aliendesha kama ana mayai. Mafundi wenzake wangemwona wangemvua jina. Magari yalimpita, baiskeli nusura impite, mtu mmoja akampigia honi na kumtukana ukoo wake, naye akaitikia kwa kuinua mkono. Taa ikawaka nyekundu akasimama. Akasubiri mpaka ikawa kijani, na ilipokuwa kijani akakaa kidogo tena.

Maana Dokta alikuwa amelala. Kichwa kilikuwa kimetulia katikati ya mabega yake, pumzi yake inapenya kwenye shati, inapasha moto sehemu moja tu ya mgongo. Mikono ilikuwa imelegea. Kilichomshika ni mtandio tu.

Kiberiti akafikiri mambo ya kijinga. Akafikiri kulipita lile geti. Alipite tu, aendelee, barabara iendelee mpaka mafuta yaishe, na atakapoamka waulizane wako wapi na wacheke. Amefungwa kwangu, akawaza. Nilitaka hivi. Ndiyo hasa nilichotaka, afungwe asiende popote. Na sasa amefungwa, na ninachoomba ni asianguke.

Akayatazama mambo yake yote ya wiki nzima, ujanja wake, kiburi chake, mama aliyemgeuza kamba. Akaona aibu. Geti likatokea. Akakata kona, akaingia.

Mlinzi waliyegombana naye mchana akaja kuangalia. Pembeni ya mlango wa wodi palikuwa na mwanamume amesimama, shati limefunguka vifungo, anamtazama kila anayeingia. Alipoona viatu vya plastiki akasogea hatua moja, akasita.

"Dokta," Kiberiti akasema bila kugeuka. "Tumefika."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Bado hakuna."

Akamsikia anavuta pumzi, anajikusanya kipande kipande. Akashika fundo. Mama alikuwa ameliweka la kufa na kupona. Vidole vinavyofungua nati zilizoliwa na kutu vikashindwa na kitambaa.

"Fungua, Fundi."

"Nafungua."

"Harakisha."

"Nafungua, bwana!" Akalivuta fundo upande mwingine. "Kesho uwajibu wale. Waambie unakwenda."

Dokta akatulia nyuma yake. Hata pumzi ile ya mgongoni ikakatika.

"Umesemaje?"

"Kubali. Nenda."

"Mwezi mzima hujafungua mdomo. Leo unafungua unaniambia niende. Umenichoka? Umeona nimekuaibisha kwenu?"

"Nisikilize we mwanamke. Nilikupeleka kwa mama ili ushindwe kuondoka. Nilitaka nikufunge. Sasa nimekufunga mgongoni njia nzima na nimeona." Fundo la kwanza likaachia. "Nenda kalale. Nenda mahali ukiambiwa zamu imekwisha, imekwisha. Sitaki siku moja uende kwenye kitanda ambacho siyo. Halafu uje unisimulie kwa sauti ile. Ile ya pole sana mama."

Yule mwanamume wa mlangoni akawa amesogea tena.

"Na wewe?" Dokta akauliza.

"Mimi nitasubiri."

"Wewe?" Kicheko kikamtoka kimechanganyika na machozi. "Wewe hata chai hujawahi kuisubiri ipoe."

"Nilikusubiri kwenye friji."

Dokta alikandamiza paji la uso mgongoni pake, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuacha alama. Kisha fundo la pili likaachia, mtandio ukalegea, na ubaridi ukapita pale palipokuwa na pumzi yake.

Akashuka. Akasimama mbele yake, nywele zimetimka, zambarau inamning'inia begani, viatu vya thieta vinarudi kwao. Wakatazamana. Kiberiti safari hii hakutazama chini.

"Ni wewe?" mwanamume yule akauliza kwa sauti ya kukauka. "Ndiye wewe daktari?"

"Ni mimi," Dokta akasema. "Nimefika. Mkeo anaitwa nani? Niambie jina lake, na uliseme polepole, nataka nilishike."

Akaanza kutembea naye, anasikiliza, anatikisa kichwa. Mlangoni akakumbuka. Akageuka, akauvua mtandio begani, akaunyoosha mkono.

"Fundi! Wa mama huu. Mrudishie."

Kiberiti alishawasha pikipiki. Ilikuwa inanguruma chini yake, inataka kuondoka, kama yeye siku zote. Akaizima.

"Utaurudisha mwenyewe," akasema.